Kihisi Kiunoni mwa Mama

Mama alipotoka hospitali kule Homa Bay akiwa na chuma kwenye nyonga, kaka yangu mkubwa alituma kifurushi kidogo kutoka Nairobi. Ndani mlikuwa na vifaa vitatu vyeusi, kila kimoja kama kiberiti kwa ukubwa, laini, bila kitufe. Viwili vilikuwa vya kufungwa kwenye vifundo vya miguu na kimoja cha kubanwa kiunoni. Kazi ya kuvipeleka nyumbani, kijiji kimoja cha ufukweni mbele kidogo ya Mbita, nilipewa mimi. Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Rongo, na kaka anaamini kwamba mwalimu wa fizikia anaweza kumweleza mama kitu chochote akaelewa.

Nilimweleza. Nilikaa naye sebuleni, nikaviweka vile vifaa kwenye kitambaa cha meza, nikamwambia hivi vinaitwa vihisi. Havina macho wala masikio. Ndani yake mna kitu kidogo sana kinachojua upande gani ni chini, kama wewe unavyojua, hata ukifumba macho, iwapo umesimama au umelala. Ukitembea kinatikisika, nacho kinauhisi ule mtikisiko. Habari hiyo inapita hewani bila waya hadi kwenye simu ya zamani tutakayoiacha kabatini, na simu inaipeleka kwa kaka. Yeye akifungua simu yake Nairobi anaona mstari wa rangi. Ukiwa kijani, mama anatembea. Ukiwa wa manjano, amekaa au amesimama. Ukiwa wa kijivu, amelala.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama kitamsikia akiongea. Nikasema hapana. Akauliza kama kitamwona akioga. Nikasema hapana.

"Kama hakioni na hakisikii," akasema, "kaka yako anataka nini nacho?"

Nikamwambia anataka kujua kama unafanya mazoezi ya kutembea uliyoagizwa, na kama umeanguka, ajue upesi. Hapo akanitazama kwa jicho ambalo wanafunzi wangu wangelitambua, kwa sababu ndilo ninalowatazama nalo wakiniambia kitabu kimeliwa na panya.

Vile vya miguuni alivikataa kabisa. Mama ni Msabato, na alisema dada za kanisani wakiona kitu kimefungwa mguuni mwake watajua amekwenda kwa mganga. Isitoshe, anayefungwa mguu ni mbuzi wa sokoni. Nikampigia kaka, naye akajibu kwamba si neno, cha kiunoni peke yake kinatosha. Basi viwili vikarudi kwenye boksi, na kimoja mama akakubali kukivaa chini ya gauni, mahali ambapo hakuna atakayekiona. Alikipa jina siku hiyohiyo. Alikiita jasusi.

Aliyekuwa akimtunza mama alikuwa wifi yangu, mjane wa ndugu yetu mdogo. Yeye si mtu wa huku ziwani. Ni Mkuria, mzaliwa wa upande wa Migori karibu na mpaka wa Tanzania, na kwa ajili yake nyumba yetu ilijifunza kuongea Kiswahili mezani. Ndugu yetu alipofariki, hawakuwa wamejaliwa mtoto. Kaka alitarajia kwamba baada ya matanga wifi angerudi kwao. Hakurudi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, na yeye hakusema. Kaka hakuwahi kumfukuza, lakini hakuwahi pia kumwita shemeji. Alimwita "yule".

Labda msomaji atauliza kwa nini mimi, binti wa kuzaliwa, sikumchukua mama nikakaa naye Rongo. Kwetu mama hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake. Anaweza kuja mchana, achinjiwe kuku, asindikizwe kwa heshima kabla jua halijatua. Kulala, hapana. Mume wangu asingemfukuza, ni mama mwenyewe asingekubali hata kama ningemfungia mlango. Kwa hiyo mama alikuwa na nyumba yake, na katika nyumba hiyo alikuwa na wifi.

Wiki chache za kwanza kaka alifurahi. Alinitumia picha za ule mstari, akaniambia mama ametembea leo, tazama kijani hiki. Kisha akaanza kupiga simu kwa sauti nyingine.

Asubuhi ya mama ilikuwa imegeuka kijivu. Anaamka, anatembea kidogo, kisha jua likishapanda mstari unakuwa kijivu na kubaki hivyo hadi karibu na adhuhuri, ukikatwa na vipande vidogo vya manjano. Zaidi ya hapo, ndani ya kile kijivu kulikuwa na mitikisiko midogo. Programu ya simu ilikuwa na neno lake kwa mitikisiko ya namna hiyo. Ilisema mtu aliyelala anageukageuka.

"Anagaagaa kitandani," kaka aliniambia. "Anaumwa, yuko peke yake, anagaagaa. Yule mwanamke yuko wapi?"

Nilimwambia tusiharakishe. Mtu aliyepasuliwa nyonga huchoka. Lakini kaka alikuwa ameshaona jambo jingine. Siku za Jumamosi hapakuwa na kijivu mchana. Jumamosi mama alikuwa wa manjano na kijani tangu asubuhi hadi jioni.

"Sabato," kaka akasema. "Siku ya watu kumwona. Siku hiyo anamwamsha, anamvisha, anampeleka kanisani. Jumapili anamrudisha kitandani."

Nilijaribu kutafuta maelezo mengine kama ninavyowafundisha wanafunzi wafanye, nikakuta kwamba kila nililolipata lilikuwa dhaifu kuliko la kaka.

Kaka alimpigia wifi simu akamkaripia. Na siku zilizofuata, kile kijivu kikatoweka. Asubuhi kadhaa mfululizo mama alionekana amekaa, amesimama, anatembea. Halafu polepole kijivu kikarudi, kwanza kifupi, kisha kirefu kama zamani. Kaka akamkaripia tena, mara hii pasipo matokeo yoyote, na hilo nalo likamthibitishia kwamba yule sasa ameota sugu.

Mashaka yana tabia moja ambayo ni rahisi kuiona kwa mwingine. Yakishapata chumba cha kulala ndani yako, yanaalika ndugu zao. Mimi nami nilianza kukumbuka mambo. Wifi hapokei simu asubuhi. Ukimpigia, inaita hadi inakatika, naye anakupigia baadaye akihema kidogo kama mtu aliyekuwa mbali. Nilipowatembelea mwisho, mikono ya mama ilinuka ndimu na sabuni mpya, na nilijiuliza ni nani anayemsugua mama mikono kwa ndimu, na ya nini. Gauni alilokuwa amevaa asubuhi lilikuwa tayari limefuliwa, liko kambani. Na nilipotoka chooni niliwakuta wananong'ona, wakanyamaza kwa pamoja. Mama akaanza kunisifia viatu vyangu, viatu ambavyo amevijua kwa miaka.

Nilimuuliza mama waziwazi kama anatunzwa vizuri. Akajibu kwamba anatunzwa. Nikauliza kama asubuhi analala sana. Akajibu kwamba mzee hulala. Alijibu upesi mno, huku akimtazama wifi, na mimi nikaona hofu katika mtazamo ule.

Baada ya hapo kaka alitoa uamuzi. Mwisho wa mwezi angekuja na mwanamke wa kuajiriwa, aliyesomea kutunza wagonjwa. Angepanga nyumba mjini Homa Bay karibu na hospitali, mama ahamie huko, na wifi arudi kwao. Nyumba yetu ya kijijini ingefungwa. Alikuwa amekwisha mwambia wifi hayo kwa simu. Mama hakuambiwa, ili asihangaike. Mimi niliombwa jambo moja tu. Niende kabla, siku ya kazi, asubuhi, bila kumwambia mtu, nikaone kwa macho yangu, ili kaka akija asiseme kwa kubahatisha.

Nilikwenda wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula. Kaka alikuwa ameniruhusu kuufungua ule mstari kwenye simu yangu, na niliposhuka njia panda niliutazama. Kijivu. Nilitembea kwenye njia ya mchanga nikautazama tena. Kijivu, na mitikisiko yake. Sikupita langoni. Nilizunguka upande wa nyuma, pale ambapo ua wa minyaa una pengo tulilokuwa tukipitia utotoni, na nikiwa bado nje ya ua nikasikia kitu ambacho sikukitarajia. Watu wawili walikuwa wakicheka.

Nikachungulia. Nyuma ya nyumba, mahali penye jua kali, nyavu kuukuu zilikuwa zimetandazwa chini, na juu yake omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa wakimeta kama bati jipya. Mama alikuwa katikati yao. Miguu yake ilikuwa imenyooka, magoti hayakukunjwa hata kidogo, na mwili wake wa juu ulikuwa umeinama kutoka kiunoni hadi mgongo ukawa sambamba na ardhi kama meza. Ndivyo mama alivyopalilia, alivyofagia na alivyosonga ugali mbele ya jiko maisha yake yote. Mikono yake ilikuwa ikienda haraka, ikigeuza omena, ikitoa kokoto, makombe na samaki wengine wasiotakiwa, huku miguu ikisogea upande kwa upande, hatua ndogondogo za kaa. Kiunoni alikuwa amezungushiwa leso. Ncha mbili za leso hiyo zilikuwa mkononi mwa wifi, aliyesimama nyuma yake amejikita kama mtu anayevuta kamba ya mashua, akimshikilia.

Niliitazama simu yangu. Ilisema mama amelala.

Wifi ndiye aliyeniona kwanza. Hakuachia leso.

"Mama," akasema kwa sauti ya kawaida, "inuka taratibu. Tumeshikwa."

"Na nani?" mama akauliza bila kuinuka.

"Na mwalimu."

"Mwambie angoje, namaliza mstari huu."

Nikangoja. Sijui ningefanya nini kingine. Mama alipomaliza, wifi alivuta leso polepole, akaweka mkono wa pili kifuani mwa mama, akamsimamisha kama unavyosimamisha mlingoti, akamkalisha kwenye kiti cha mbao kirefu kilichokuwa tayari pembeni. Mama alinitazama kwa ukali wa mtu aliyekosa.

Ni lazima nieleze kwamba daktari alikuwa amemkataza kuinama. Aliposema, nilikuwepo. Kwa miezi ya mwanzo nyonga ile isikunjwe kupita kiasi cha kukaa kwenye kiti kirefu, maana inaweza kuchomoka. Mama aliitikia kila neno. Aliporudi nyumbani, wifi alimwekea kiti pale nyuma ili aote jua na kuwatazama omena, kwa kuwa biashara ile ni ya mama, na wanunuzi wa Rongo na Homa Bay huuliza omena wa mama fulani kwa sababu hawana mchanga. Wifi angewachambua, mama angeelekeza kwa fimbo.

Hilo lilidumu siku chache. Wifi alinisimulia huku akijifuta mikono, bila kunitazama usoni. Siku moja alikwenda kuteka maji, akarudi akamkuta mama ameinama peke yake katikati ya nyavu, mkono mmoja umeshika ukuta. Alimkataza. Kesho yake ikawa vilevile. Akificha nyavu, mama anazitafuta. Mwisho akaona kwamba mtu huyu ataanguka siku ambayo hakuna anayemtazama.

"Nikamwambia, mama, kama ni lazima, basi utainama nikiwa nimekushika," wifi akasema. "Si vizuri, najua. Lakini ningefanyaje?"

Ndiyo maana simu haikupokelewa asubuhi, mikono yote miwili ilikuwa kwenye leso. Ndimu ilikuwa ya kuondoa harufu ya omena, na gauni lilifuliwa kwa sababu hiyohiyo. Walikuwa wanatuficha sisi, na nilichokiona machoni mwa mama ni hofu ya mtoto anayeomba rafiki yake asimsemee.

Nilimuuliza wifi kwa nini hakuniambia hata mimi.

"Ningekuambia, ungemficha kaka yako?"

Mama ndiye aliyeingilia kati, akanishika mkono, akaniita nyathina, mwanangu, kama anavyoniita akitaka kitu. Aliniomba nirudi Rongo nikaseme nimemkuta kitandani amepumzika. Kaka yako akijua, akasema, ataniondolea omena, na mimi bila omena ni mzigo wa kuhamishwa huku na huku. Mwache aendelee kuamini jasusi wake.

Hapo nikaelewa kwamba mama hajui chochote. Aliona hatari moja tu, kukaripiwa na mwanawe. Nikamuuliza kama anajua kaka anakuja mwisho wa mwezi, na anakuja na nani.

"Wifi, wacha," wifi akaniambia mimi.

Sikuacha. Nilimwambia mama yote: mwanamke wa kuajiriwa, nyumba ya kupanga mjini, nyumba hii kufungwa, na kwamba wifi ameambiwa arudi kwao kwa sababu mstari wa kijivu unaonyesha anamlaza mgonjwa kitandani kila asubuhi.

Kuku mmoja aliingia kwenye nyavu akaanza kudonoa, na hakuna aliyemfukuza. Kisha mama akageuka, akamwambia wifi kwa Kiswahili kile cha mezani:

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu aliponipigia mara ya mwisho."

"Na ukaendelea kunishika."

"Ningekuachilia uanguke?"

Mama akaniomba simu. Nikampigia kaka, nikaiweka kwa sauti ya kusikika na wote. Mama hakumsalimia sana. Alimwambia asubuhi zote hizo hakuwa amelala, alikuwa ameinama kwenye omena, kwa kichwa chake mwenyewe, na mke wa marehemu ndiye aliyemshika kiuno asianguke.

Kaka akauliza, kwa sauti ya upole ambayo ilinitisha kuliko ukali, "Mama, yuko hapo karibu?"

"Nani?"

"Yule."

"Yuko. Amesimama hapa."

"Ndiyo maana unasema hivyo."

Niliona uso wa wifi ukiganda. Akachukua beseni, akaanza kuondoka kuelekea jikoni, kama mtu aliyetoka kusikia hukumu aliyoitarajia. Nikamwambia kaka angoje, asikate simu, na afungue ule mstari. Nikamwomba mama anipe jasusi wake. Akakitoa chini ya gauni, nikakibana kwenye mkanda wa sketi yangu. Mama akakielewa nilichotaka upesi kuliko nilivyotarajia, akaipokea simu kwa mikono miwili.

Nikalala chali kwenye mkeka uliokuwa pembeni.

"Dada yako amekivaa yeye," mama akamwambia. "Anafanya nini?"

Ilichukua muda kidogo, habari hizi husafiri mbali kabla ya kufika. "Kijivu," kaka akasema. "Amelala."

"Ni kweli, amelala. Sasa ngoja."

Nikainuka, nikachukua ufagio wa njiti, ule mfupi usio na mpini, nikainama kama tulivyofundishwa sote katika uwanja uleule, nikaanza kufagia. Nilifagia hadi mgongo ukauma.

"Sasa anafanya nini?"

"Bado amelala," kaka akasema. "Anageukageuka."

Mama akaishusha simu karibu na ardhi, pale ufagio ulipokuwa ukipita kwenye mchanga. "Unasikia?"

"Hiyo ni nini?"

"Ni dada yako anafagia uwanja wangu akiwa amelala."

Nilikuwa nimesimama sasa, nahema, na kwa kuwa siwezi kujizuia kueleza, nikaeleza. Kile kihisi hakidanganyi. Kinajua kitu kimoja tu: kiwiliwili kiko wima au kimelazwa. Aliyelala chali na aliyeinama mgongo ukawa kama meza ni kitu kimoja kwake. Waliokitengeneza huenda hufagia kwa ufagio wenye mpini mrefu na kununua samaki waliokwisha chambuliwa, kwa hiyo hawakufikiri kwamba mtu anaweza kukaa nusu ya asubuhi katika hali hiyo akiwa mzima na akicheka. Vile vya miguuni vingetuonyesha kwamba miguu imesimama. Lakini hivyo viko ndani ya boksi.

Kaka hakukubali mara moja. Aliuliza, kwa nini Sabato hakuna kijivu? Na kabla sijafungua kinywa, nilimsikia akivuta pumzi, kwa sababu alilelewa katika nyumba hii na anajua mama hagusi omena siku ya Sabato.

"Na zile siku nilipompigia nikamkaripia?" akauliza taratibu zaidi. "Mbona uliamka siku zile?"

"Kulikuwa na mbalamwezi," mama akamjibu.

Omena huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, mashua hulala ufukweni, na asubuhi hakuna cha kuanika. Hakuna mtoto wa kijiji chetu asiyelijua hilo, naye alikuwa amelijua kabla ya kuijua alfabeti.

Mama alimaliza kwa kusema kwamba akija na mwanamke wake wa kuajiriwa, ampeleke akalale naye huko hotelini Homa Bay, maana hapa mna mtu tayari. Kisha akanipa simu, akaomba asogezewe beseni.

Sikuambii usinunue kitu kama hiki. Kama mzazi wako yuko mbali na usiku hulali kwa kuwaza, kinaweza kukusaidia, na si kigumu kukielewa, hata kama hukusoma fizikia. Ila kivalishwe chote, si theluthi. Na mstari ukikuonyesha jambo la kutisha, kwanza uliza nyumbani watu hufanya kazi gani saa hiyo, na wanaifanya wakiwa wamekaaje.

Kaka alikuja mwisho wa mwezi kama alivyosema, akiwa peke yake, na gari likiwa limebeba mbao na wavu wa waya. Alikuwa amempitia daktari, ambaye alimgombeza yeye badala ya mama. Siku chache kabla, mama alikuwa ameangaliwa ile nyonga hospitali, ikakutwa imetulia, akaonywa upya, akaitikia kila neno upya. Daktari alisema kwamba kama hawezi kukaa bila omena, basi omena wainuliwe, si yeye ashushwe.

Nilikuwepo siku hiyo. Kaka alivua shati la Nairobi, akajenga chanja nyuma ya nyumba, meza ndefu ya wavu yenye kimo cha kifua cha mama, ili achambue akiwa amesimama wima. Wifi alishika nguzo wakati kaka akipigilia misumari. Waliongea kuhusu mbao tu. Ishikilie hapa. Hii imepinda. Lete nyingine. Kila mara kaka aliponyamaza nilidhani sasa atasema, na kila mara alisema jambo la misumari.

Kisha ukafika wakati wa chakula. Tangu matanga ya ndugu yetu kaka hakuwahi kula chakula kilichopikwa na wifi. Akija nyumbani alisema ameshiba njiani, au alikwenda kula Mbita, na sote tulijua sababu ambayo haikutamkwa. Kifo cha ghafla cha kijana huacha maneno, na maneno hayo humwangukia aliyekuwa akimpikia.

Wifi aliandaa kama kawaida: ugali, mboga za kienyeji, na samaki wa kuchemsha. Alimnawisha mama, akaninawisha mimi. Alipofika kwa kaka alisimama na birika, hakumwelekezea. Akangoja.

Kaka alimtazama mama, na mama alikuwa ameshaanza kula, hakumsaidia. Akaitazama sahani. Halafu akanyoosha mikono.

"Niwekee maji, shemeji."

Wifi akammiminia. Hakukaa. Alibaki amesimama mlangoni na birika mkononi hadi alipomwona kaka akimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalitia kinywani na kulimeza. Ndipo akaiweka birika chini akatoka nje, kwa kuwa wingu lilikuwa linapanda kutoka ziwani na omena walikuwa bado hawajaingizwa ndani.